Mkazi wa Garini: Je, Huyu ni Msafiri?





Ndugu msomaji, mtu ambaye nyumba yake ina magurudumu, akiamka alfajiri ndani ya nyumba hiyo mahali ambapo jana hakuwepo, ni msafiri au ni mkazi? Adhuhuri aifupishe au aitimize? Ikiwa ni Ramadhani, anayo ruhusa ya kula? Hapa kwetu Rugerero, wilaya ya Rubavu, swali hili si la vitabuni tu. Tunaye jirani, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye amelifanya lori lake kuukuu kuwa nyumba ya kuishi yeye na mke wake. Vijana wa msikitini huliuliza swali hili kwa mzaha. Nimeona lisiishie kwenye mzaha, kwa kuwa ndani yake limo jingine kubwa zaidi: nyumba ni kitu gani hasa, na ni nini kinachomfunga mtu na mahali?

Kwanza tuseme neno kuhusu lori lenyewe. Kwa Mwislamu wa Rwanda lori si chombo kigeni. Uislamu ulienea nchini humu katika zama za Wajerumani pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu wa mijini walikusanywa katika mitaa yao iliyoitwa kambi za Waswahili, na Biryogo ya Kigali ndiyo mashuhuri kuliko zote. Wengi hawakuwa na mashamba, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazee wetu wakaingia katika kazi zisizohitaji shamba wala cheti: uchuuzi, ushonaji, ufundi wa magari na udereva. Hata leo, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2017, ukimsikia mtu mzima anakizungumza vizuri huku kwetu, watu hukisia kwamba ni Mwislamu, au dereva, au aliwahi kuwa mwanajeshi. Mzee wetu huyu ni viwili vya mwanzo.

Ameendesha malori tangu ujana wake, kutoka Mombasa kupitia Malaba na Kampala, kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, kisha kupanda milima ya Musanze hadi mpakani Goma. Mnaokumbuka miezi ya mwanzo ya korona mwaka 2020 mnakumbuka foleni ya malori pale Malaba, iliyofika makumi ya kilomita. Madereva walikaa siku baada ya siku wakilala, wakipika na kuswali kando ya magurudumu yao. Kwa hiyo kulala garini halikuwa jambo jipya kwake. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa na pa kurudi.

Pa kurudi palichukuliwa na mto. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliyonyesha Magharibi na Kaskazini mwa nchi ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130. Mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima ya Rutsiro na kupita hapa kwetu kuelekea ziwa Kivu, ulitoka kwenye kingo zake watu wakiwa wamelala. Miaka miwili kabla yake, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa pili wa mpaka, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Watu walilala nje wakiogopa dari zao wenyewe, na maelfu ya ndugu zetu wa Goma wakavuka kuja huku. Mtu aliyepitishwa katika hayo mawili ndani ya miaka miwili ana haki ya kuacha kuziamini kuta.

Nilipomuuliza kwa nini hakujenga tena, alinijibu hivi: "Kijana wangu, nyumba ya matofali ilinikalisha nikisubiri maji. Hii nikisikia mto unabadilisha sauti, nawasha, naondoka." (Kwa sasa haiwaki. Betri imechoka na pampu ya dizeli iko kwa fundi. Lakini hoja yake ameieleza.)

Kazi aliyoifanya ni ya kusifiwa. Bodi la nyuma la Fuso lile lina urefu wa kama mita tano na upana wa mbili. Alianza kwa kung'oa mbao zilizooza, akamwita fundi wa kuchomelea aunganishe fremu ya vyuma juu ya chesisi, akaezeka kwa bati lenye mteremko mdogo ili maji yasituame. Ndani akapiga mbao nyembamba, na kati ya mbao na bati akajaza makatoni yaliyopangwa vizuri, kwa sababu sanduku la bati katika baridi ya usiku wa Rubavu hutoa jasho: pumzi za waliolala hugeuka matone darini na kuwarudia usoni. Akakata madirisha mawili yanayotazamana. Chini ya sheti aliweka vigogo ili uzito usikae kwenye springi na matairi wakati wote. Juu kuna paneli ndogo ya sola, ya taa mbili na simu. Mlango uko nyuma, na ngazi ya vyuma vitatu. Jiko la mkaa halilali ndani, na hapa naomba kila mwanafunzi anayepanga chumba kimoja anisikilize: moshi wa mkaa usioonekana umeua watu wengi waliofunga dirisha kwa sababu ya baridi. Mzee alikuwa na jambo hilo kichwani kabla ya kufikiria kitanda.

Sasa turudi kwenye fiqhi, maana huko ndiko nilikopata mwanga.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w) anahesabu neema zake, na miongoni mwake anataja kwamba ametufanyia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu, kisha anataja majumba yanayotokana na ngozi za wanyama, ambayo watu huyaona mepesi siku wanayohama na siku wanayotua. Angalia kwamba neno lililotumika kwa yote mawili ni lile lile, *buyut*. Hema halikuitwa nyumba pungufu. Na mafaqihi walilichukua jambo hilo kwa uzito wake. Imam an-Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh zetu kabla ya kuja chuo, anapozungumzia mwanamke wa jangwani aliye katika eda, analihesabu hema lake la manyoya sawa na nyumba ya mwanamke wa mjini. Haki zinazoambatana na nyumba zinaambatana na hema. Kwa hiyo mtu yeyote anayemwambia mke wa mzee wetu kwamba "hana nyumba" anasema jambo ambalo Shafi hawakulisema.

Ama swali la swala, wazee wetu walilijadili kwa jina la nahodha, *mallah*. Ibn Qudama, mwanazuoni wa Kihanbali aliyefariki Damascus mwaka 620 Hijria, analileta katika al-Mughni: baharia ambaye hana nyumba isipokuwa jahazi lake, na humo wamo ahli zake, tanuri lake na mahitaji yake. Imam Ahmad anasema huyu hafupishi swala wala hafungui, kwa sababu hajaondoka nyumbani. Nyumbani kwake kunakwenda naye. Imam Shafi akaona kwamba anaruhusiwa kufupisha, kwa kuwa maandiko yaliyotoa ruhusa ya safari hayakumbagua, ingawa wanazuoni wa madhehebu yetu wakasema bora atimize ili kutoka katika hitilafu. Na Ibn Qudama anamtofautisha baharia huyo na *mukari*, yule anayekodisha wanyama na kusafiri nao maisha yake yote. Huyo anafupisha, hata kama hakai nyumbani ila siku chache, kwa kuwa nyumba anayo na kila safari anaiacha.

Ukitafakari utaona kwamba mzee wetu amekuwa watu wawili kwa nyakati mbili akiwa na lori lile lile. Alipokuwa akibeba mizigo ya watu alikuwa mukari. Leo amekuwa mallah. Barabara haikubadilika, umbali haukubadilika, hata usukani ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba jiko limehamia garini. Sisi Waswahili tunasema kijana aliyeoa amepata jiko. Na Ibn Qudama, bila ya kujua Kiswahili, aliliweka tanuri ndani ya orodha yake. Pale penye moto wako na watu wako, hapo wewe si mgeni.

Mimi naegemea kwamba mtu wa namna hii atimize swala yake, na madhehebu yote mawili yanamfikisha huko, moja kwa wajibu na jingine kwa ubora. Na kwa kuwa gari lenyewe haliwaki, hata kubishana ni mapema. Wallahu a'lam.

Lakini hukumu hii ina upande wa pili ambao nadhani ndio uzito wa jambo. Ikiwa mkazi wa garini si msafiri, basi hana ruhusa za msafiri katika mambo mengine pia. Msafiri tunamsamehe mengi. Hatumuulizi kwa nini hakuja kwenye maziko, wala kwa nini hakumjulia hali mgonjwa wa nyumba ya pili. Amepita tu. Mkazi hapiti. Na hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu vijana ambao wameipenda sana habari ya mzee huyu, lakini kwa sababu ambazo mzee mwenyewe hana.

Wao wanaiita zuhudi. Wananukuu hadithi mashuhuri ya Ibn Umar (r.a), ambamo Mtume (s.a.w) alimshika bega akamwelekeza awe duniani kama mgeni au mpita njia. Wanasema: tazameni, kodi ya nyumba inatumaliza, kiwanja hakinunuliki, harusi inasubiri nyumba na nyumba inasubiri mkopo wenye riba, si bora mtu anunue gari kuukuu, aweke godoro, awe huru? Hoja ya riba naiheshimu. Kijana anayekubali kulala katika mita kumi za mraba ili asiingie katika mkopo wa haramu amefanya jambo ambalo wengi wetu tunalisema tu kwenye mihadhara. Lakini hadithi ile tusiibebeshe isichobeba. Ibn Umar, aliyeisikia kwa sikio lake na kuguswa begani, aliishi Madina miaka mingi, watu wakimjua mlango wake, wakimwendea kwa elimu na kwa haja zao. Upita njia aliofundishwa ulikuwa wa moyo. Hakuambiwa ahame kila wiki ili majirani wasimpate.

Huko Ulaya na Marekani jambo hili limekuwa mtindo, na picha zake tunaziona kwenye simu: gari lililopakwa rangi nzuri, dirisha limefunguliwa kuelekea baharini, kikombe cha kahawa mkononi. Mara chache hata barabara yetu ya ziwani hupita lori kubwa la zamani la Kizungu, lenye namba za nchi ya mbali, wenyewe wakizunguka Afrika ndani yake. Huonyeshwa kama uhuru, na wenye pesa huenda ni uhuru kweli. Lakini wapo wengine huko huko. Mwandishi Jessica Bruder alitoa mwaka 2017 kitabu Nomadland, kuhusu wazee wa Marekani wanaoishi ndani ya magari na kufuata vibarua vya msimu, wengine baada ya kupoteza nyumba na akiba zao. Na Uingereza, tarehe 1 Juni 1985, polisi waliuvamia msafara wa watu walioishi katika mabasi na malori waliokuwa wakielekea Stonehenge, wakayavunja vioo magari ambayo ndiyo yalikuwa nyumba zao. Miaka tisa baadaye sheria ya mwaka 1994 ikazidi kuwabana. Gari lile lile, ukiwa na akiba benki unaitwa mtalii, usipokuwa nayo unaitwa mzururaji. Tusimfanye mzee wetu pambo la ndoto zetu.

Hadithi ambayo mimi naona inaligusa jambo hili moja kwa moja ni nyingine, ile aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas (r.a) na kuitoa Ibn Hibban. Mtume (s.a.w) alitaja mambo manne katika furaha ya mtu: mke mwema, makazi yenye nafasi, jirani mwema na kipando chenye raha. Ihesabu hadithi hii ukiwa umesimama mbele ya lori la mzee. Mke mwema, alhamdulillah, yumo ndani, na ndiye aliyeshona mapazia. Makazi na kipando vimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Nafasi ni finyu, na raha ya springi za Fuso tusiizungumze, lakini vipo. Limebaki moja. Gari linaweza kubeba matatu kati ya manne. Jirani halimbebi.

Na jirani si pambo la mwisho katika orodha. Jibril (a.s) alimuusia Mtume (s.a.w) kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Mama Aisha (r.a) alipouliza ampe zawadi yupi kati ya majirani wawili, akaambiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hukumu nzima imesimama juu ya mlango. Mtu ambaye mlango wake leo uko hapa, kesho Nyundo na kesho kutwa Karongi, mlango wa karibu naye ni wa nani? Na wewe unayepika pilau siku ya Idi, utampelekea wapi?

Usiku ule wa Mei, Sebeya ilipopanda, mtaani kwetu hapakuwa na king'ora. Watu waliamshwa na watu. Mmoja alisikia maji, akagonga mlango wa pili, wa pili akagonga wa tatu. Waliomtoa mzee na mkewe ni vijana wa nyumba ya jirani, waliokuwa wanajua kwamba anasikia vibaya sikio la kushoto na kwamba hulala chumba cha nyuma. Elimu ya namna hiyo hupatikana kwa miaka ya kuazimana chumvi. Gari linaloweza kukimbia mto linahitaji mtu wa kusema mto unakuja. Hapa naona hoja ya mzee ina pengo, na nimemwambia kwa adabu, akanyamaza kidogo, kisha akabadilisha mazungumzo.

Najua ninakosemea, na najua mtu wa nchi hii anaweza kunijibu kwa jibu zito. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wako Waislamu waliowaficha watu majumbani mwao na misikitini, na kisa cha Waislamu wa Mabare, mashariki mwa nchi, waliosimama pamoja na waliokimbilia kwao, tunakisimulia kwa fahari. Lakini aliyekuja na panga, mara nyingi, naye alikuwa jirani. Alijua vilevile chumba gani kina watoto. Anayesema, "Sitaki tena mtu yeyote ajue mlango wangu," hasemi upuuzi, na mimi niliyezaliwa baada ya hayo sina mamlaka ya kumkemea. Ninachoweza kukitazama ni hiki tu: waliookoka kwa kufichwa walifichwa na mtu mwenye mlango, aliyekuwa amekaa mahali pamoja kiasi cha kuaminiwa. Ujirani ulitiwa sumu, na dawa iliyopatikana nayo ilikuwa ujirani. Sijui njia ya tatu. Kuondoka kunamwokoa aliyeondoka, ikiwa injini inawaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simkatazi mtu kuishi garini, wala sioni katika dini yetu kinachomkataza. Ninachosema ni kwamba akishatimiza swala kwa hoja ya kuwa ni mkazi, atimize na ukazi. Nchi yetu ina namna yake ya kumjua mkazi. Umudugudu wako ndio unaokuandika. Bima ya afya ya mituweli inalipwa kwa kaya, na kaya lazima iandikwe mahali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapotoka na majembe kwenda umuganda, mtu huonekana au hukosekana. Mzee ametoka kila mwezi, hilo nalishuhudia, na huenda umuganda ndio umemfunga na mtaa kuliko hata hati ya kiwanja ingemfunga.

Kuna haki ya njia pia. Lori halielei angani, limekaa juu ya ardhi ya mtu au juu ya barabara ya watu wote. Ukiliegesha kwenye ardhi ya mtu bila idhini, umeingia katika mlango wa ghasbu, na tunajua wanazuoni walivyosema kuhusu swala katika ardhi iliyoporwa: wengi wakasema inasihi pamoja na dhambi, na katika madhehebu ya Hanbali ikatajwa kuwa haisihi kabisa. Ukiliegesha njiani ukawabana wapitao, Uislamu unaohesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani hauwezi kukuhesabia jema kuuweka. Na choo! Hili hakuna anayelisema kwenye picha nzuri za simu. Mtume (s.a.w) ameonya vikali dhidi ya mtu kujisaidia njiani au kwenye kivuli wanachopumzikia watu. Nyumba isiyo na shimo lake inategemea shimo la mwingine, na mwenye shimo ana haki ya kuombwa, kushukuriwa na kuchangiwa linapojaa. Mzee anatumia choo cha jirani wa juu, naye humlipa kwa kumtengenezea pikipiki. Hayo ni makubaliano ya halali, na tena mazuri.

Upande wetu tuliobaki majumbani nao una deni. Watu wengi waliokuwa kando ya Sebeya wameambiwa wasijenge tena pale kwa sababu ni hatari, na ni kweli ni hatari. Wapo waliopata pa kuhamia, wapo wanaopanga chumba, na huyu mmoja amepata gari. Mtu huyu tumemshangilia kwa ubunifu, tumempiga picha, vijana wamemfanya mada ya baraza. Hajapewa pa kuegesha. Kiwanja alichopo sasa ni cha mtu anayetaka kukijenga mwaka huu. Pendekezo lilikuwa gari lisogezwe kwenye eneo la msikiti, nyuma ya sehemu ya udhu, na kamati imegawanyika. Wanaopinga wana hoja ya fiqhi: ardhi ile ni waqfu, na waqfu hufuata sharti la aliyeutoa, naye aliutoa kwa ajili ya msikiti, hakuutoa kwa makazi ya mtu. Hoja hiyo ni sahihi na sitaki ipindishwe kwa huruma. Ila nimeona wanaoisema kwa sauti kubwa zaidi ni wenye viwanja binafsi vilivyo wazi, hatua chache kutoka msikitini, vyenye nyasi na mbuzi wawili.

Waqfu ukimfunga mlango, milki ya mtu binafsi haijafungwa. Mtu mmoja mwenye kiwanja angeweza kumwambia, egesha hapa miaka miwili, kwa ujira mdogo au kwa *ariya*, mkopo wa matumizi ambao sheria yetu inautambua na kuuwekea kanuni zake. Tuandikiane, na nikihitaji nitakupa notisi ya miezi mitatu. Hilo halihitaji fatwa. Linahitaji mtu mmoja, karatasi moja na mashahidi wawili.

Katika siku hizi za kungoja, mzee ameniletea swali lake mwenyewe, na nimeona ni bora kuliko letu la kufupisha swala. Anajua, kama wengi wa waliosoma kwa masheikh wa Kishafi, kwamba Ijumaa kwetu husimama kwa watu arobaini waliofanya mahali hapo kuwa watani wao, wasiohama kiangazi wala masika ila kwa haja. Watu wa mahema wasiotulia hawahesabiwi. Anauliza kama yeye bado yumo katika arobaini. Msikiti wetu una mamia siku ya Ijumaa, kwa hiyo kuwemo kwake au kutokuwemo hakubadilishi chochote katika kusihi kwa swala yetu, na hilo analijua. Nimemwambia nitaliangalia vitabuni. Vitabuni nimekwisha kuangalia: sharti ni nia ya kubaki. Yeye nia anayo. Kinachongojwa ni ardhi.